Baba Niliyemkana Barazani

Nilikuwa na baba wawili, na yule wa pili alikuwa dada wa yule wa kwanza. Vijana wakinisikia nikisema hivyo hutazamana, wakidhani uzee umeanza kunichezea. Haujaanza. Mambo haya nayakumbuka vizuri kuliko ninavyokumbuka nilipoweka miwani yangu leo asubuhi, na bado yananipandisha hasira.

Kwetu Iyula, enzi za Mwingereza, mtu mwenye mji wake akifa jina lake halikuachwa lilale chini. Matanga yakiisha, wazee walimchagua mtu wa damu yake, wakamkalisha kwenye kigoda cha marehemu, wakamnywesha pombe ya ulezi na kumwita kwa jina la marehemu. Tangu hapo alichukua nafasi yake yote. Watoto walimwita baba, mjane akawa chini ya ulinzi wake, na shamba likawa mikononi mwake. Tulikuwa Wakristo, tulibatizwa na tuliimba tenzi, lakini desturi hiyo hatukuiacha, na mchungaji alijifanya haioni.

Baba yangu wa kwanza alikufa kwa ugonjwa wa mapafu nilipokuwa na miaka minane. Hakuwa na mtoto mwingine ila mimi. Alikuwa na ndugu mmoja wa kiume, wa baba mmoja lakini mama mwingine, ambaye alishavuka mpaka pale Tunduma miaka mingi nyuma kwenda migodini Rodesia. Hakuna aliyejua kama yu hai. Aliyebaki ni dada yake wa tumbo moja, aliyeolewa Msangano, akakaa miaka sita bila kuzaa na kurudishwa kwao. Wazee walibishana siku mbili. Siku ya tatu walimkalisha yeye kwenye kigoda.

Mimi sikuona ajabu. Mtoto haoni ajabu mpaka afundishwe. Niliambiwa, huyu ndiye baba yako, nikapiga magoti nikamwamkia kama nilivyokuwa nikimwamkia baba. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viganja vipana na maneno machache. Alivaa koti la marehemu, akapogoa mikahawa kwa kisu cha marehemu, na majirani waliogombania mipaka ya mashamba walikuja kwake awaamue. Kwenye pombe alikaa upande wa wanaume. Nyumbani mama alimpelekea chakula sebuleni, naye akala peke yake kwanza, huku mimi na mama tukingoja jikoni kuona atatubakizia nini. Jumapili tu ndiyo alifunga kilemba na kukaa upande wa wanawake kanisani. Mama alipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba mchungaji hakuwapo siku ya matanga, asimsumbue bure.

Mama alicheka sana miaka ile. Wakati wa baba wa kwanza sikumbuki akicheka hivyo. Wawili hao walilala chumba kimoja, na mimi nikalala sebuleni. Walikuwa nini wao kwa wao sikuuliza, na mpaka leo sijui, wala sioni kwamba ilikuwa kazi yangu kujua. Wa kutaka kujua ilikuwa sheria.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tatu shule ya misheni, yule ndugu wa migodini aliporudi. Alikuja na suruali ya kaki na kofia pana, na neno la Kibemba katika kila sentensi ili tujue alikotoka. Baba alimchinjia mbuzi. Mgeni akala mbuzi wetu siku mbili, na siku ya tatu akasema amekuja kuchukua vya kaka yake: nyumba, kahawa, na mjane. Mimi pia nilikuwamo kwenye hesabu. Alipopita Tunduma alikwisha kuzungumza na mfanyabiashara mmoja mwenye maduka mawili na wake wawili, aliyekuwa akitafuta wa tatu. Nilisikia hayo nikiwa nyuma ya ukuta wa jiko nikisugua sufuria, na niliendelea kuisugua hata baada ya kung'aa.

Baba alimwambia jina lina mwenyewe tayari, aende akawaulize wazee waliomkalisha. Mgeni hakwenda kwa wazee. Alikwenda barazani.

Baraza letu lilikuwa nyumba ya bati iliyojengwa kwa amri ya serikali. Ndani yake alikaa mwene, yaani chifu wetu, na wazee wanne, na karani mwenye kitabu kikubwa. Zamani kesi zilikwisha kwa maneno. Sasa ziliandikwa, na yaliyoandikwa yalisomwa na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ambaye aliweza kuzifuta. Wazee wale niliowajua tangu utoto, wasioogopa chui wala mvua ya mawe, walikuwa wakikiogopa kitabu. Tena wanaume walikaa kwenye mabenchi, na wanawake kwenye mkeka karibu na mlango. Mwanamke hakusema mpaka baba yake, mumewe au kaka yake amwombee ruhusa. Ukiuliza nani alitunga sharti hilo, wazee walisema ni la serikali, na serikali ilisema ni mila yenu wenyewe.

Wiki moja kabla ya kesi, mmoja wa wazee wa baraza alikuja nyumbani mvua ikinyesha. Ndiye aliyemimina pombe siku ya kumkalisha baba. Alikataa kuvua koti, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema alichotumwa kusema. Siku ya kesi baba asikae kwenye benchi. Akae mkekani, aseme yeye ni shangazi wa mtoto, na ikiwezekana atoe machozi kidogo. Wazee watatafuta njia ya kumwachia mjane nyumba kwa huruma. Lakini akikaa kwenye benchi, italazimika kuandikwa kwamba wao walimfanya mwanamke kuwa mwanaume, na Bwana Shauri atawacheka, au atawanyang'anya baraza.

"Funika kombe mwanaharamu apite," akamalizia.

Baba akamuuliza, "Mlinikalisha, hamkunikalisha?"

"Tulikukalisha."

"Basi semeni hivyo."

Mzee akatazama sakafu. Mpaka leo naviona vidole vya miguu yake, vimelowa, vikikunjana kama vinatafuta pa kujificha.

Alipoondoka ndipo niliposikia mama na baba wakigombana kwa mara ya kwanza. Mama alisema jina haliliwi, litupwe, tubaki na nyumba na mtoto. Baba alisema bila jina hiyo nyumba utaikaa kwa huruma ya nani, na huruma ya mtu huisha siku anayoamka vibaya. Wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo lililokuwa baya. Baadaye mama akanifuata jikoni, akanishika kidevu. Aliniambia nikiulizwa barazani yule ni nani wangu, niseme shangazi. Nikamuuliza kama huo si uongo.

"Kwani si dada wa baba yako?" akasema.

Nilijua kwamba kesi ikienda vibaya, nitakuwa Tunduma kabla kahawa haijaiva, nikipika katika nyumba ya mtu aliye mkubwa kuliko baba yangu aliyekufa.

Siku ya kesi tulitoka asubuhi kwenye ukungu. Baba alivaa koti. Mkononi alibeba kigoda, na mama alipokiona alifumba macho akaendelea kutembea. Tulipofika, mimi na mama tukakaa mkekani pamoja na wanawake wengine. Baba hakuja mkekani wala hakwenda kwenye benchi. Alifika katikati ya baraza, akaweka kigoda chini, akakikalia.

Tarishi, yule askari wa baraza, alisogea kumwondoa, mwene akamwinulia mkono kumzuia. Nani angemwondoa kwenye kigoda walichomkalisha wao wenyewe? Nilijaa fahari, na wakati huohuo nilibanwa na mkojo kwa woga.

Karani akafungua kitabu. Akauliza mdaiwa ni mwanaume au mwanamke. Baba akamwambia aandike jina. Karani akaeleza, kwa adabu kabisa, kwamba kitabu kina nafasi ya jina na kina nafasi ya hilo jingine, na zote sharti zijazwe. Baba akamwambia hiyo nyingine aiache wazi. Karani akamtazama mwene, mwene akatazama dirisha, na karani akaandika kitu ambacho sikukiona.

Ndugu wa migodini alisimama, kofia mkononi, akaanza kwa neno la heshima la Kibemba.

"Mukwai," akasema, "huko nilikokuwa nimeona mengi, ila sijaona dada akawa kaka. Na hawa wawili wanalala chumba kimoja. Naomba baraza liwaulize wao ni nani kwa nani."

Mtu mmoja kwenye mabenchi alicheka, kisha akajikohoza. Mama alivuta kitenge kichwani mpaka nikaona pua tu. Niliona aibu ambayo dakika moja kabla sikuijua, kama mtu anayeambiwa yu uchi akiwa amevaa nguo. Kumbe ndivyo baraza linavyofanya. Chumba kilichokuwa chumba tu kikageuka kuwa kesi.

Mwene akamuuliza baba kama yeye ni mume wa mjane huyu.

"Mimi ni yule mliyemkalisha," baba akajibu. "Nilichonacho ndicho mlichonikabidhi. Mkitaka kujua mlinikabidhi nini, ulizaneni ninyi kwa ninyi."

Akawageukia wale wazee wanne, akauliza nani kati yao alimimina pombe siku ile. Yule wa vidole vilivyolowa alikuwa akihesabu mabati ya paa. Nimemkasirikia mzee yule maisha yangu yote, naye amekufa zamani, na hasira haijui kwamba amekufa.

Ndipo mwene akasema mtoto aitwe, kwa kuwa mtoto hana upande. Hivyo ndivyo alivyosema, mtoto hana upande, na mimi upande wangu ulikuwa unagonga kifuani mpaka nikadhani wanausikia. Nikasimama. Akanionyesha kwa kidole aliyekaa kwenye kigoda, akaniuliza yule ni nani wangu.

Nilimtazama mama. Mkono wake ulikuwa umekandamiza mkeka. Nikamtazama baba. Nilitegemea nione wasiwasi, nikaona hana hata chembe. Alinitazama kama mtu anavyoutazama mlango wa nyumba yake, anayejua utafunguka. Nikamfikiria yule mwenye maduka mawili.

Nikasema, "Shangazi."

Nilisikia kalamu ya karani ikikwaruza karatasi.

Hukumu haikuchukua muda. Jina na kigoda apewe ndugu wa kiume. Nyumba na kahawa zibaki kwa mjane, kwa huruma ya baraza, kwa kuwa mtoto bado yu shuleni, na shangazi wa mtoto akae hapo kumsaidia. Mjane asirithiwe pasipo ridhaa yake, wala mtoto asiozwe mpaka amalize shule. Ndugu wa migodini alitoka na kigoda kwapani, amenuna. Mama alilia kwa furaha. Wanawake wa mkekani walinishika kichwa wakaniita mtoto mwenye akili. Na kweli, neno langu moja ndilo lililotuokoa. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa kujisifu.

Njiani baba alitangulia. Nikamwita, "Baba." Hakugeuka. Nikamwita tena, nikifikiri hakusikia, mama akanifinya. Mara ya tatu nikaita, "Shangazi," naye akageuka akaniuliza kama miguu inaniuma.

Jioni mama alipeleka chakula sebuleni kama kawaida, hakumkuta mtu. Mwenyewe alikuwa amekuja jikoni. Alikaa juu ya kuni karibu nasi, akanawa, akala nasi katika sahani moja. Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Koti alilitundika nyuma ya mlango. Hakwenda tena kwenye pombe, na majirani walipokuja na kesi za mipaka aliwaambia wamtafute mwanaume, yeye ni shangazi wa mtoto. Hakunilaumu hata mara moja. Ningependa angenichapa, nikalia, yakaisha. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye hakuwa mtu wa kuinama kuyazoa.

Ndugu wa migodini alivuka tena mpaka mwaka uliofuata. Kigoda alikiacha kwenye kilabu cha pombe Tunduma, walevi wakawa wanakikalia.

Miaka ikaenda. Nikamaliza shule, nikawa mwalimu wa darasa la kwanza palepale misheni. Wachumba wawili niliwakataa, na watu walisema ni kwa sababu nimesoma. Nilibaki nyumbani na wale wanawake wawili, wakiwa wameanza kuota mvi na kugombania moto wa kuota.

Kisha akaja Mzungu mmoja wa serikali, kijana mwenye miwani, Kiswahili chake kizuri. Alikuwa anakusanya mila za urithi ili ziandikwe kitabu kimoja cha kufuatwa na mabaraza yote, na alisema mila itakayoonekana inaonea watu inaweza kurekebishwa. Nilikwenda kusikiliza. Baraza lilikuwa lilelile. Mwene alikuwa mpya, mkeka ulikuwa mpya, mimi nikakaa mkekani.

Akauliza mengi, na hatimaye akauliza kama mwanamke anaweza kurithi jina la mwanaume. Wazee wakajibu kwa pamoja kwamba haiwezekani. Akauliza kama haijawahi kutokea. Yule mzee wa vidole, sasa ana fimbo na jicho moja la ukungu, akasema hata siku moja. Na karani, ambaye alikuwa yuleyule, akataka kumsaidia mgeni. Alisema ipo kesi inayothibitisha. Akaenda kabatini akaleta kitabu cha zamani, akakipangusa kwa kiganja, akasoma kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka akafika hapa: mtoto wa marehemu aliulizwa na baraza, akasema yule ni shangazi yake.

Mzungu akaitikia kwa kichwa, akaanza kuandika.

Sikuwa nimepanga neno. Nilijikuta nimesimama. Mtu mmoja akaniambia nikae, sina wa kuniombea ruhusa. Ni kweli sikuwa naye, maana wa kuniombea nilimkana mwenyewe ndani ya nyumba ileile.

"Mtoto huyo ni mimi," nikasema. "Nilisema hivyo kwa kuogopa kuozwa. Yule alikuwa baba yangu. Wazee walimkalisha, na huyu mwenye fimbo ndiye aliyemimina pombe."

Mzungu akamgeukia mzee, akamuuliza kama ni kweli. Mzee alizungusha fimbo yake sakafuni, na baraza zima likangoja. Nilijua akikana, nitaonekana mwendawazimu mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu, na misheni haiwezi kumweka mwalimu wa hivyo.

"Nilimimina," mzee akasema.

Mzungu akaniuliza, kwa hiyo nataka sheria iseme mwanamke anaweza kuhesabiwa mwanaume? Nilikuwa na hasira, na hasira wakati mwingine hunipa akili. Nikamwambia sitaki hivyo. Nataka mtu asilazimike kuhesabiwa mwanaume ndipo asikilizwe, na wakitaka pa kuanzia, waanze na huu mkeka. Mabenchi yakacheka. Yeye hakucheka. Aliandika kwa penseli pembeni mwa karatasi yake, akasema kesi moja haifanyi mila, lakini atalifikisha kwa wakubwa. Sijui penseli ile iliishia wapi. Miaka mingi baadaye, bendera ikiwa imekwisha kubadilishwa, sheria za mila zilipotoka zimepigwa chapa nilizisoma ukurasa kwa ukurasa. Kesi yetu haimo, na mabinti tumewekwa daraja la mwisho.

Lakini siku ile sikuyajua hayo. Nilirudi nyumbani nikamkuta yule niliyemkana anageuza kahawa juani. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, mkoba bado begani.

"Walikuuliza?" akasema.

"Hawakuniuliza."

Akageuza kahawa mstari mzima kabla ya kusema tena. "Ulikuwa umekaa wapi?"

"Mkekani."

"Ukasimama."

"Nikasimama."

Akaniambia nifunike kahawa, mvua inakuja.

Jioni ugali ulipoiva hakuwapo jikoni. Mama alichungulia sebuleni, akarudi, akachukua sahani nzuri kutoka juu ya kabati, akapakua, akanipa mimi. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku la kahawa, kwa kuwa kigoda hatukuwa nacho. Alikuwa amevaa koti. Lilimpwaya sasa mabegani. Nikapiga magoti, nikaweka sahani mbele yake.

"Baba, karibu chakula."

"Weka hapo," akasema.

Nikarudi jikoni. Mimi niliyetoka kudai mkeka uondolewe nikakaa chini na mama, tumbo likininguruma, tukingoja mtu amalize kula ndipo nasi tule. Niliona upuuzi wake wote, na sikuwahi kungoja kwa furaha kama siku ile. Alipotuita tukachukue sahani, hakuwa ametubakizia hata tonge, na mama alicheka mpaka akashika kizingiti.